Ufunguo wa Herufi Tatu

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Huku Butimba tu wazima, na pacha wako Dotto kajifungua salama.

Unauliza kama uuache ufunguo wa siri kwa urefu uliowekwa na programu yako ya kuficha ujumbe. Miaka ya themanini, nikiwa karani wa wanunuzi wa sangara, nilikuwa nikitaja mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, yenye sangara wengi kwa redio koli yenye mashine ya kuficha maneno. Ufunguo wake ulikuja na herufi tatu, tukauacha hivyohivyo. Wanunuzi wapinzani wakaufumbua, wakawa wanatutangulia kila mwalo. Nikasoma kitabu cha mashine: kumbe inakubali hata herufi ishirini! Hakuna aliyewahi kuuliza. Nikaweka zote ishirini. Kesho yake sangara wote wa mwalo wa Kamanga walikuwa wetu!

Kijana wa upande wa pili, aliyekuwa akitusikiliza, alikuja mwenyewe kuniuliza nimefanyaje. Ndiye babu yako. Mpaka leo sijamwambia.

Bibi yako