Ng'ombe Aliyetembea Kama Twiga

Bomani, Tarime
9 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Natta, na mgongo wako unaendeleaje? Mimi mzima, na stesheneri ninapofanya kazi wateja wapo. Kwa kuwa simu zangu hupokei, nimeona nikuandikie, maana barua haikatwi. Nimempa kondakta wa basi, na jirani yetu Teddy ataichukua kituoni akitoka kambi ya watalii.

Najua hatujasemezana tangu niliposema simtaki Athanas, nawe ukawarudisha ng'ombe wa mahari kwao. Ni miaka miwili sasa. Leo sikuandikii hayo. Nina shida ndogo.

Kila Jumamosi nasoma animesheni, yaani kuchora katuni kwenye kompyuta mpaka zitembee. Si kazi, napenda tu. Sekunde moja inataka michoro kumi na miwili. Tarehe 30 Novemba kozi inaisha na kila mtu ataonyesha kazi yake mbele za watu. Mimi nimechora ng'ombe. Mwalimu wetu, kijana wa Dar, akamsifu sana. Kisha mzee Mwikwabe, mfugaji wa hapa, akaja dukani kutoa kopi, akamtazama kwenye skrini, akaniuliza, "Binti, wewe ulikulia wapi? Huyo ng'ombe anatembea kama twiga."

Ni kweli, baba. Nilifuatisha video ya twiga aliyonitumia Teddy, nikidhani miguu minne ni miguu minne. Niambie, ng'ombe anaanza na mguu upi, na upi unafuata?

Mwanao,
Nora


Natta
29 Septemba 2024

Nora,

Barua imefika. Mgongo unauma. Sijui anaanza na upi.

Baba yako


Bomani
5 Oktoba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Barua yako ina maneno machache, nami nimeyasoma mara nyingi. Nakutumia dawa ya kuchua, ujipake jioni. Kama wewe hujui miguu ya ng'ombe, basi nimekwisha, nitamchora kuku.

Mwanao,
Nora


Natta
3 Novemba 2024

Mwanangu Nora,

Marahaba. Mimi mzima, dawa ya kuchua inawasha lakini inafanya kazi.

Kuku usimchore. Swali lako limeniaibisha. Miaka arobaini na mitano nimetembea nyuma ya ng'ombe, halafu naulizwa mguu wa kwanza nabaki kujikuna kichwa. Nikakaa zizini kumtazama ng'ombe wetu Kijivu, lakini ukiukazia macho mguu mmoja, mwingine umeshapita. Mwisho nikachana khanga kuukuu, nikamfunga kila mguu kitambaa cha rangi yake, nikamfuata siku tatu.

Majirani wakaona. Wakaanza kunong'ona kwamba nimepata dawa ya kuzuia fisi. Nikawaeleza ni masomo ya binti yangu aliye Tarime, hakuna aliyesadiki. Kufikia leo ng'ombe saba wa watu wamefungwa vitambaa, na Simioni amefunga mpaka mbuzi.

Sasa andika. Nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mguu wa nyuma unakanyaga karibu na pale ulipotoka wa mbele, na kichwa kinaitikia kila hatua.

Nilipokuwa nikitazama nikakumbuka kwamba miguu hiyo nilishaiona. Siku ya kuwarudisha ng'ombe wa kina Athanas niliwaswaga mwenyewe, nikapita katikati ya watu, na ilikuwa siku ya mnada. Sikuinua macho. Njia nzima niliona kwato tu. Nilikukasirikia, Nora, lakini aibu ilizidi hasira. Nakwambia ili ujue, sidai kitu.

Mtu wa Natta kumsahau ng'ombe akamkumbuka twiga, hilo nalo tutalizungumza siku nyingine.

Baba yako


Bomani
1 Desemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na mbuzi wa Simioni hawajambo na vitambaa vyao.

Jana tumeonyesha. Mzee Mwikwabe alikuja na fimbo yake, akakaa mbele kabisa. Ng'ombe wangu alipopita akasema, "Huyu sasa ana mwenyewe." Watu wakapiga makofi, nami nikalia kidogo.

Teddy anayo kwenye simu, atakuonyesha. Ni sekunde arobaini. Nyuma ya ng'ombe nimeongeza mtu, usikasirike. Kumkataa Athanas sijutii, baba, na sitakudanganya. Ninachojutia ni kwamba njia ile uliipita peke yako, na mimi sikujua.

Mwanao,
Nora


Natta
8 Desemba 2024

Mwanangu Nora,

Marahaba, mwanangu. Sisi huku wazima. Kijivu anakaribia kuzaa na bado ana vitambaa, maana nikivifungua majirani watasema nimewaondolea kinga.

Nimetazama. Mara ya kwanza nilitazama miguu tu, iko sawa yote minne. Mara ya pili nikamtazama yule mzee. Kofia ya pama ni yangu, fimbo ni yangu, hata koti lililochanika bega ni langu. Lakini anatembea kichwa kikiwa juu, na watu wa mnadani wanamwamkia naye anawaitikia. Mimi sikutembea hivyo, na wewe unajua. Nilimwambia Teddy arudie mpaka simu ikazima, kisha machozi nikayasingizia moshi.

Ukipiga simu nitapokea. Krismasi njoo nyumbani. Nitakuja kukupokea kituoni, na tukirudi tutapitia mnadani, mimi na wewe, nami nitawaamkia watu.

Baba yako