Panga Lililokutwa Mferejini

Mahabusu, Moshi
11 Machi 1991

Dada Hellen,
Shikamoo. Watoto hawajambo? Mimi kifua kinabana, lakini nala.

Najua umesikia maneno ya watu. Ni kweli niligombana na Melkior juu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia, na wengi walisikia. Lakini sikumuua. Alipokutwa amekufa mferejini na panga langu kando yake, mimi nilikuwa napogoa kahawa, peke yangu. Panga hilo alikuwa nalo shemeji yako Eliezeri. Aliliazima kwangu akakate miti ya uzio. Nimewaambia polisi. Yeye amekana.

Kesi ya mauaji haina dhamana. Mwangalie mama.

Mdogo wako,
Eliudi

Machame
7 Aprili 1991

Mdogo wangu Eliudi,
Pole na kifua. Mama ni mzima, anakuombea.

Nilimuuliza Eliezeri mbele ya mume wangu Ebenezeri. Akasema panga alikurudishia, huku akiangalia chini. Nikamfuata mama mkwe, maana Eliezeri anaishi kwake. Akaendelea kumenya ndizi. Ebenezeri akaniambia nikizidi kumchafua mdogo wake, nirudi kwetu.

Nimerudi. Watoto amebaki nao. Kila Jumapili baada ya ibada nitakwenda kukaa jikoni kwa mama mkwe mpaka aseme.

Dada yako,
Hellen

Mahabusu, Moshi
19 Juni 1991

Dada,
Shikamoo. Nimesikia watoto wanakulilia. Acha, tafadhali. Humu wako watu waliosahauliwa na ndugu zao, na wanaishi. Rudi kwa mumeo. Nisipokujibu tena, usikasirike.

Eliudi

Machame
24 Novemba 1991

Mdogo wangu,
Hujambo? Hukujibu barua zangu zote, nami sikukasirika.

Jumapili iliyopita sikwenda kwa mama mkwe, nilikuwa na homa. Akaja yeye. Alikaa karibu na kitanda changu, akasema, "Hellen, Eliezeri alitoka na panga la mdogo wako. Akarudi mikono mitupu, nguo zimelowa. Nikampa shati kavu, sikuuliza. Nilimzaa mimi, lakini sikuzaa mwanangu ili wa mwenzangu afie gerezani."

Nilimwambia wazi kwamba anaweza kumpoteza. Akasema anajua, tuondoke. Tulikwenda polisi Bomang'ombe, akayarudia yote bila kulia. Eliezeri amekamatwa, amekiri. Alikuwa akigombania na Melkior mpaka wa kihamba, shamba lao la urithi.

Wakili anasema shtaka lako linaondolewa, utatoka wiki hii. Ebenezeri ameniletea watoto mlangoni, hakuingia. Sijui kama atakuja kuingia.

Mama mkwe amesusiwa na ukoo mzima. Kanisani alikaa benchi peke yake, mpaka nilipokwenda kukaa naye. Mama ametenga mbuzi wa kukuchinjia, lakini nitakupokea njia panda, na hatutapita nyumbani kwanza. Tutaanzia kwa mama mkwe. Usitafute la kusema. Kaa naye tu, ule atakachokupa.

Dada yako,
Hellen