Pangaboi la Nikolaus

Kaliua, 12 Juni 1974

Mdogo wangu Nikolaus,

Wazima huko Tabora? Karakana ya reli bado inakutesa? Sisi tunapumua. Mama anakunywa uji, ila ukungu wa macho umezidi. Sasa ananijua kwa sauti tu.

Dubwana lako la umeme wa upepo, lile la Pasaka, limenishinda. Uliposimamisha mlingoti, ukafunga mapanga ya mninga na ile dainamo ya lori, ulisema mafuta ya taa tutayasahau. Tumeyasahau kweli, maana duka la ushirika halina hata tone! Lakini taa haiwaki. Ajabu ni hii: jana upepo ulikufa kabisa, jani halitikisiki, na pangaboi likaendelea kuzunguka lenyewe. Asubuhi betri imekufa. Majirani wanauliza nimeleta kitu gani. Sare za shule nimezikusanya kitandani, na jua likizama cherehani inalala.

Njoo uliangalie. Sitaki maelezo, nakutaka wewe.

Dada yako,
Leonia


Tabora, 30 Juni 1974

Dada Leonia,

Shikamoo. Na Mama mpe shikamoo yangu mkononi. Mimi sijambo, ila kifua kinabana kwa vumbi la makaa.

Si uchawi, dada. Upepo ukifa, umeme unatoka kwenye betri na kurudi kwenye dainamo, ndiyo maana linazunguka. Badala ya pangaboi kulisha betri, betri inalisha pangaboi. Nilisahau kufunga kidude cha kuzuia umeme usirudi. Nimekipata, nakituma kwa gadi wa treni ya Kigoma. Kifunge kwenye waya mwekundu, kati ya dainamo na betri. Mchoro nimeuweka ndani.

Likizo nimeomba. Mkubwa wangu anasema vichwa vya treni vimejaa vikisubiri matengenezo. Julai nakuja bila kukosa.

Mdogo wako,
Nikolaus


Kaliua, 21 Agosti 1974

Nikolaus,

Salamu zako zimefika kabla yako, kama kawaida.

Kidude nilikifunga mwenyewe. Baba angeniona juu ya mlingoti na kanga kiunoni angekufa mara ya pili. Lakini taa iliwaka! Nilishona nusu ya sare. Mama alisogeza uso hadi kwenye globu, akasema anahisi joto lake.

Furaha haikukaa. Amri imetoka: kabla ya mvua wote tuhamie kijiji kipya kando ya barabara. Kiwanja tulichopewa kiko bondeni, huku msitu, huku mbuga. Hakuna upepo wa kutikisa hata kanga kambani. Na Mama hasimami. Nitambeba vipi? Nimemwendea mwenyekiti, Bwana Lugembe. Kanijibu, "Bi Leonia, amri haina mgonjwa."

Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii. Julai imepita. Njoo uzungumze naye.

Dada yako,
Leonia


Tabora, 15 Septemba 1974

Dada,

Shikamoo. Natumaini Mama amepata nafuu.

Likizo imekataliwa tena. Nimegombana na mkubwa hadi wenzangu wakanishika. Usidhani nimekaa tu.

Kuhusu bonde, usikate tamaa. Mlingoti ukiunganishwa na mti mwingine utapita juu ya miti. Mapanga nayo yawe marefu zaidi. Mchoro huu hapa. Ila nakuomba jambo moja: asiguse mtu dainamo. Nimeihangaikia mwaka mzima.

Mdogo wako,
Nikolaus


Kaliua, 27 Oktoba 1974

Nikolaus,

Mama hatunaye. Tumemzika jana kando ya Baba. Niliomba stesheni wakupigie simu. Kama ujumbe ulikufika sijui, maana hukuonekana.

Usiulize habari za dainamo. Nimeitoa. Bwana Lugembe alikuwa anatafuta umeme wa kipaza sauti cha ofisi ya kijiji. Nikamwambia, "Chukua vyote, mlingoti, mapanga, betri. Mama abaki kitandani kwake mpaka Mungu aamue." Akafikiri, akakubali. Kasirika ukitaka. Ulitengeneza wewe, lakini niliyekuwa namgeuza Mama ubavu ni mimi. Kesho nahama.

Nimekuandikia kurasa mbili za matusi, nikazitia motoni. Nakuandikia hili tu.

Siku Lugembe alipokuja kufungua vyuma, Mama alisikia nyundo kule juu. Akashtuka, akainua kichwa.

"Nikolaus amefika?"

Nikamwambia, "Ndiyo, Mama. Yuko juu, anatengeneza."

Akacheka, Nikolaus. Tangu kiangazi kianze sikuwa nimemsikia akicheka. Akasema, "Mwambie ashuke, ale kwanza."

Dada yako,
Leonia