Mgonjwa Ametikisika

Shoga, uko wapi? Mumeo ametuvunja mbavu leo chumba cha MRI!

Ile programu mpya inayokagua picha kabla hazijaenda kwa daktari ilikataa picha za kichwa cha bibi mmoja mara mbili. "Mgonjwa ametikisika. Rudia." Bibi anaapa hajatikisika. Mumeo akaja juu: programu mbovu hii, leo leo naiondoa!

Akaingia kulala mwenyewe kwenye mashine ili atuthibitishie. "Mimi nikilala humo ni gogo!"

Gogo! Shoga, gogo!

Kelele za mashine zilipokatika, tukasikia kwenye spika: khorrrr... Mumeo huyohuyo anayekuapia kila siku kwamba hakoromi!

Programu ikaandika: "Mgonjwa ametikisika. Rudia."

Anatoka anafikicha macho, bibi akamwambia kwa upole: "Pole, baba. Hata mimi nilipitiwa na usingizi mle, niliona haya tu kusema."

Mara ya tatu bibi kakaa macho, picha zimepita. Programu imebaki.

Mumeo amenisihi sana nisikwambie. Nimemwapia kabisa.