Sauti ya Bibi Kwenye Mkungu wa Ndizi

Shangazi Namnyaki, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijamjibu mtu vibaya kanisani. Mimi ni mke wa mtu huku mlimani Meru, na bibi yangu mzaa mama, Evaresta, ndiye aliyetunga nyimbo za Kimeru ambazo akina mama huimba wakimpelekea mzazi aliyejifungua loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa mgando, sasa mwaka huu kwaya yetu imezitia Kiswahili ikazirekodi, na kwenye video mtunzi ameandikwa mwenyekiti wa kwaya, Mzee Eliamini, nikamuuliza kwa adabu zote akanijibu, "Nyimbo za jikoni hazina mwenyewe, mwanangu." Shangazi, niliumia. Nikamrekodi bibi kwa simu akiziimba zote na kueleza kila mmoja aliutunga lini, na kwa kuwa msimamizi wa kundi la WhatsApp la usharika ni huyo huyo Eliamini, nikituma kitu anafuta, nikashuka mjini stationery wakanitengenezea QR, kile kiboksi cha madoadoa kama cha kulipia dukani, ukikiskani kwa simu unamsikia bibi, nikakibandika kwenye mkungu wa ndizi niliotoa sadaka sikukuu ya mavuno. Unajua baada ya ibada vitu vinanadiwa nje, basi mnadi akauinua mkungu juu wote wauone, vijana wakaskani, wakaonyeshana, na kwaya ilipoanza wimbo wake mpya, simu uwanja mzima zikawa zinasema kwa sauti ya bibi, "Huu niliutunga mimi Evaresta, nilipomzaa kifungua mimba wangu, Solomoni." Watu wakacheka, akina mama wakapiga vigelegele. Sasa wazee wa kwaya wanataka Jumapili ijayo nisimame mbele niombe radhi na nifute kila kitu, na mume wangu Ephraimu, anayeimba besi, anasema namwaibisha, na rekodi ziko kwenye akaunti yake ya mtandaoni, ananitishia atazifuta mwenyewe. Siombi radhi hata kwa bakora, ila ndoa yangu naipenda. Nifanyeje?

Elirehema

Elirehema, marahaba.

Usiombe radhi. Umekosa nini, kumtaja bibi yako kwa jina? Eti nyimbo za jikoni hazina mwenyewe! Aliyejiandika mtunzi wa nyimbo za uzazi aje kwanza atueleze yeye alijifungulia wapi.

Ila na wewe ngoja nikuchape kidogo. Mwanamke mwenye ujasiri wa kubandika QR mbele ya usharika mzima, unawekaje rekodi kwenye akaunti ya mume anayeimba kwaya hiyo hiyo? Kile kiboksi ni mlango tu, mali yenyewe iko kwa Ephraimu. Akiifuta leo, watu wataskani na kukuta patupu. Kabla hujamaliza kusoma gazeti hili hamishia rekodi kwenye akaunti yako, wape nakala binamu zako, kisha chapisha QR mpya, maana ya zamani itaendelea kuwapeleka kule kule.

Mumeo usigombane naye mbele ya watu. Mpikie, mkalishe, msikilizishe wimbo uliotungwa alipozaliwa mama mkwe wake, kisha muulize: angekuwa ni mama yake mzazi aliyefutwa jina, angenyamaza? Atanuna siku mbili tatu. Mwache anune, besi itarudi.

Halafu kuna jambo limenikera. Barua nzima umenieleza anachotaka Eliamini, wanachotaka wazee, anachotaka mumeo, unachotaka wewe. Bibi anataka nini? Yu hai, akili anazo, sauti anayo, na nyote mnamgombania kana kwamba mmeshamzika! Nenda kamuulize. Akisema yaishe, yaishe. Akisema anataka haki yake, Jumapili ukiitwa mbele usiende peke yako. Mshike mkono mpande wote, na simu uiache kwenye mkoba. Mpe kipaza sauti aimbe mwenyewe, kwa Kimeru chake, ubeti wa kwanza tu. Kisha mgeukie Mzee Eliamini, kwa heshima zote, umwombe mtunzi aendelee na wa pili.