Kura Zetu Nilizogawa Matangani

Mjomba,

Ni mimi mpwa wako Okware, yule uliyesema mdomo wake ulifaa kuwa redio. Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike hapa Kibomet. Si unanijua? Nimefika Mombasa, nimefika Kampala, na darasa la sita lilinitosha kabisa. Lakini hili limenishinda, bana.

Sisi Wateso hapa ni nyumba thelathini na moja tu. Wewe ulizifanya zionekane mia. Wagombea wote walikuja, ukawapa kiti na chai, ukawasifia hata suti, na hakuna aliyeondoka na neno. "Mbuzi akishachinjwa hakuna anayeuliza bei," ulikuwa ukiniambia. Wakashindana kutubembeleza: mmoja akavuta stima, mwingine akajenga daraja la mtaro. Asubuhi ya kura ndiyo ulitutajia jina, tukatoka pamoja kama watu wa harusi.

Sasa sikia. Siku ya kukuzika, mgombea mmoja alileta hema na viti. Akalia, Mjomba. Alilia kuliko mimi, nikaona wivu. Nikashika maikrofoni: "Mheshimiwa, hawa watu wote ni wako!" Makofi! Nilijiona gavana.

Tangu siku hiyo hakuna gari limekata kona kuja kwetu. Mpinzani wake anasema ati tushaamua, yeye apoteze mafuta ya nini. Na huyu wetu nikimpigia ananiita ndugu, halafu anakata. Bomba la maji walilokuwa wakishindana kutuahidi limeishia kwa jirani. Nimeenda ofisini kwake mara tatu. Nimepewa soda, nimerudi.

Binti yako Amoding alikuja kutoka chuoni Kibabii, akasikia, akaniangalia. "Kaka Okware, kumbe ulitupigia kura sisi sote peke yako."

Nilichukua kofia yangu, nikatoka.

Nimezunguka nyumba zote nikiomba msamaha. Wananikaribisha uji, hawanitukani, na hiyo ndiyo inaniuma. Neno lilitoka mbele ya watu, nitalirudishaje? Wewe ungejua. Mimi sijui.

Jana mkeo, Anti, aliteleza akitoka mtoni kuchota maji, na yale magoti yake. Nimemnyang'anya mtungi. Wanaume wenzangu wananicheka njiani, wacha wacheke.

Lala salama, Mjomba. Maji ya mkeo nitachota mimi, hata bomba lisipofika.

Okware