Karatasi Iliyotakiwa Kurudishwa Ijumaa

Jumatano. Mvua ya saa tisa imekuja saa saba, ikiwa na mawe, ikapiga mabati hata sikuisikia redio. Sasa ni saa kumi na moja, kumetulia, na mimi nimekaa mlangoni na jambo ambalo limekataa kunitoka tangu Jumapili.

Ayuma ana mtihani Jumamosi.

Ayuma ni binti yangu, kitinda mimba. Kwa miaka tisa amefanya kazi ya mkataba katika masijala ya ofisi moja hapa Kakamega mjini, akipanga mafaili ya watu walioajiriwa. Mkataba wenyewe hutiwa sahihi upya kila baada ya miezi mitatu. Mtihani huu ndio mlango wa kuingia kazi ya kudumu. Nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, na tangazo linasema mwombaji asizidi miaka thelathini na mitano. Yeye anatimiza thelathini na sita mwezi wa Agosti. Akifeli huu, hakuna mwingine.

Tangu Januari tumekuwa tukisoma pamoja kila jioni. Mimi nilikuwa karani wa serikali miaka thelathini na mmoja, na ninalo daftari. Nieleze daftari hili, kwa sababu shaka yangu ilianzia hapo.

Enzi zetu mtu hakutoka na karatasi ya maswali. Msimamizi alizihesabu mlangoni moja moja, na ikipungua moja hamtoki. Ayuma anasema mpaka leo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuingia, sisi makarani tuligawana: wewe shika swali la kwanza na la pili, wewe la tatu na la nne. Mkitoka mnaketi kwenye nyasi kabla hata ya kunywa chai, kila mmoja anatema alichokishika, na mwenye mwandiko mzuri anaandika. Hatukuona kosa, maana mtihani ulikuwa umekwisha. Hivyo ndivyo daftari langu lilivyokua, mwaka baada ya mwaka, na lina mapengo mengi. "Swali la saba: kitu kuhusu posho ya safari, Makokha amesahau." "Ufupisho: habari ya kahawa, au labda chai." Mtihani wa zamani wa kweli una mapengo.

Jumapili Ayuma alirudi kutoka kwa kundi lake la kusoma na karatasi isiyo na pengo hata moja.

Kundi hukutana chumba cha nyuma cha duka la fotokopi, chini ya mtu wanayemwita Mwalimu. Sijawahi kumwona. Karatasi ilikuwa ya kurasa sita, safi, maagizo juu, nambari za kurasa chini, na jalada likisema ni mtihani wa miaka mitatu iliyopita. Mwalimu aliwapa watu watano tu kati ya ishirini. Aliwapa bure. Wasiipige picha, wasiitume kwa simu, na wairudishe Ijumaa kabla ya jua kuzama.

Nina miaka sabini na miwili na sijaona mtu akiogopa kupoteza mtihani uliokwisha.

Nilimuuliza Ayuma kwa nini karatasi ya zamani irudishwe.

"Baba, wewe unashuku hata mvua," akasema, akiendelea kuchambua mboga ya mrenda. "Labda anataka kuwapa wengine."

"Na fotokopi si iko mlangoni pake?"

Akakung'uta jani moja. Kisha akasema mrenda wa siku hizi una mchanga mwingi.

Jumatatu alipokwenda kazini nilifanya jambo nisilojivunia. Niliingia chumbani kwake nikaitafuta. Ilikuwa chini ya godoro. Nilisimama pale na pembe ya godoro mkononi, nikajiambia kwamba kitu cha kusomwa hakiwekwi chini ya godoro. Kisha nikaketi kwenye kiti chake nikaisoma yote, toka jalada hadi mwisho.

Ilikuwa kazi ya mtu anayejua kazi. Hesabu za mshahara na makato, ufupisho wa ukurasa mmoja, kanuni za kufungua faili na kuifunga. Swali la nne lilimtaka mtahiniwa aandike memo ya kuwaita wakuu wa sehemu kwenye mkutano, Jumatatu tarehe 13 Aprili.

Hapo ndipo niliposimama.

Ukutani kwetu kalenda hazitupwi. Mpya hutundikwa juu ya ile ya zamani, msumari ule ule, na marehemu mke wangu alikuwa akizitumia za chini kufunikia vitabu vya watoto. Sasa hakuna vitabu vya kufunikwa, kwa hiyo zimebaki. Nilifunua ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikafika mwaka ulioandikwa kwenye jalada. Tarehe 13 Aprili mwaka huo ilikuwa Alhamisi. Nikavaa miwani, nikahesabu tena kwa kidole. Alhamisi. Nikarudi juu, kalenda ya mwaka huu.

Jumatatu.

Nimefanya kazi na wakubwa wengi. Mkubwa akitaka tarehe ya kuweka kwenye barua ya mfano haitungi kichwani. Anainua macho, anaitazama kalenda iliyo mbele yake. Aliyeandika swali la nne alikuwa na kalenda ya mwaka huu mbele yake. Basi ama Mwalimu ameitunga mwenyewe ili aonekane mtu mwenye siri, ama hii ndiyo karatasi ya Jumamosi iliyovishwa koti la zamani. Kuna jambo la tatu, kwamba mtungaji alikosea tu, hakujali siku. Nilijitahidi kulipenda hilo la tatu.

Jana jioni alikuja Protus. Ni mlinzi wa lango pale ofisini kwa Ayuma, mmoja wa wale watano, kijana wa Kabras mwenye mdomo. Walitaka kulinganisha majibu.

"Mulembe, mzee," akasema, akavuta kiti.

Nikamwambia aniambie ukweli, hiyo karatasi imetoka wapi.

"Mzee, karatasi ni karatasi. Wewe ukiwekewa ingokho kwa sahani, unaulizanga kwanza huyo kuku alikulia kwa nani?"

"Akiletwa na mtu anayetazama nyuma yake, nauliza."

Protus alicheka mpaka akapangusa macho. "Ayuma, huyu mzee wenu angekuwa polisi tungekuwa ndani sisi wote." Ayuma hakucheka. Alikuwa akiutazama mlango. Kisha akasema kichwa kinamuuma, hawatalinganisha chochote leo, na Protus akaondoka akimwambia, "Sawa, dada, lakini ukikataa chakula na njaa iko, usikuje kulia kwangu."

Kwa hiyo tangu jana namshuku mwanangu mwenyewe. Naliandika hilo hapa kwa sababu siwezi kulisema kwa sauti. Nilimlea, namjua, na bado nimekaa mezani nikihesabu mara ngapi anaingia chumbani na kukaa muda gani.

Ninajua uzito wa kupewa habari kabla ya wenzako.

Zamani tuliishi kule juu, kwenye mashamba ya ngano. Mwaka ule tuliofukuzwa kwa sababu ya kabila letu, mwenzangu wa ofisi, mtu wa upande ule mwingine, alikuja mezani kwangu Jumatatu akijifanya anaazima gundi. Akasema, "Alhamisi usiwe hapa, na usimwambie mtu." Alihatarisha shingo yake kwa ajili yangu. Nilifunga mizigo Jumanne. Ayuma alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Jirani yangu Lihanda, tuliyepakana naye ua, aliniuliza mbona naifunga cherehani kwa kamba, nikamwambia mke wangu anakwenda matangani. Alhamisi walikuja, kama nilivyoambiwa. Lihanda alitoka na watoto wake na nguo walizovaa. Mwaka uliofuata nilimkuta sokoni Lubao akiuza kuku wa watu, akanisalimu, akaniuliza hali ya watoto, na hakuniuliza lolote lingine. Miaka thelathini na zaidi nipo hapa Kakamega, na bado nikisema "nyumbani" nakumaanisha kule, na nikikumbuka kule namkumbuka yeye akiwa ameegemea ua akiitazama ile kamba.

Leo mvua ilizima umeme mjini, wakaachiliwa mapema. Ayuma aliingia akiwa amelowa. Nilikuwa nimezitoa kalenda mbili msumarini, nimezitandaza mezani, moja pembeni ya nyingine, Aprili kwa Aprili. Nilimwonyesha tu kwa kidole.

Hakuinama hata kutazama.

"Najua, Baba. Niliangalia kwa simu Jumapili ile ile."

"Basi mbona ukaificha?"

"Sikuificha. Nilisoma mpaka hapo kwa tarehe, nikaona si sawa, nikaiweka mahali sitaiona. Sijaigusa tena." Akavua kiatu, akakimimina maji mlangoni. "Na wewe ulijuaje iko chini ya godoro?"

Mzee mzima, nilitazama mikono yangu.

Akaketi. Tuliongea kama watu wawili wa ofisi, kwa sauti ya chini, ingawa nyumba ilikuwa tupu. Nikasema airudishe leo, asisubiri Ijumaa, na aende akaripoti. Akaniuliza kwa nani. Karatasi kama hii haitoki peke yake. Kuna mtu aliyefungua kabati, na sisi hatujui mlango tutakaobisha ni wa nani. Nikasema tuandike barua, tuipeleke juu zaidi. Ayuma akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Sawa. Tuandike. Wakituamini, wataufuta mtihani. Watapanga mwingine. Lini?"

Nikaelewa kabla hajamaliza. Mtihani ukifutwa hautapangwa upya kabla ya Agosti. Serikali naijua. Akisema ukweli, amejifungia mlango mwenyewe. Akinyamaza, anaingia Jumamosi na daftari lenye mapengo, na kuna wanne wa kundi lake, na wengine tusiowajua, watakaoingia na majibu.

"Nikiisoma na nipite," akasema, "kila siku nikiitwa na mkubwa nitadhani wamejua. Nitaishi hivyo mpaka nistaafu. Sitaki." Akaichukua, akaitia kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu, akatoka kuirudisha.

Barua hatukuandika. Hakuniomba ninyamaze, na mimi sikujitolea kusema. Kwa mara ya pili maishani mwangu nimejua jambo kabla ya wengine, nikalinda nyumba yangu. Ukurasa huu nauandika leo lakini siutumi kokote kabla ya Agosti. Wewe unayeusoma, ujue Agosti imeshapita.

Saa moja kasoro. Amerudi. Anasema Mwalimu hakumuuliza kitu. Alizihesabu kurasa, akamtazama muda mrefu, akamwambia asije tena kwenye kundi. Hilo limenifanya niamini zaidi kwamba karatasi ni ya kweli. Mtu aliyetunga uongo wake mwenyewe angekasirika kwamba haukuaminika.

Sasa anapasha chai moto, na amesema tukimaliza kula tuendelee na daftari kama kawaida. Mimi niulize, yeye ajibu.

Na hapo ndipo nimeona nilichokifanya Jumatatu.

Yeye alisimama kwenye swali la nne. Mimi nilisoma kurasa zote sita, na kichwa changu kilifundishwa na makarani wenzangu kushika maswali. Umri umenichukulia majina ya wajukuu wa watu lakini hilo haujalichukua. Ninalo lile la ufupisho. Ninazo hesabu mbili za makato, tarakimu kwa tarakimu. Daftari langu lina maswali zaidi ya mia mbili, na baadhi yanafanana na yale, maana kazi ya ofisi ni ile ile. Nikimuuliza linalofanana, nimemwambia. Nikiliruka, ataona nimeliruka. Ananijua, siruki ukurasa. Hata nikiyauliza yote kwa mpangilio, sijiamini kwamba sauti yangu haitabadilika, kwamba sitasema "hapo rudia tena kidogo" mahali ambapo mwezi uliopita nisingesema. Nampenda. Mtu anayependa si msimamizi mzuri.

Je, nilikwenda chini ya godoro lile kumlinda, au kumsomea? Sina hakika. Nimejiuliza tangu chai ilipoanza kuchemka.

Nimemwambia macho yananiuma, leo ajiulize mwenyewe. Nimemwambia pia kwamba kesho alfajiri nakwenda Butere kwa dada yangu, nitarudi Jumamosi jioni. Nikasema ni habari ya kupalilia mahindi yake.

"Shangazi alipanda lini?" akauliza.

"Zamani kidogo."

"Na ni wewe utapalilia? Na huo mgongo?"

"Nitasimamia."

Aliniangalia, kikombe mkononi, jinsi mtu anavyoiangalia noti asiyoiamini. Sikumlaumu. Kisha akalichukua daftari, akaingia chumbani kwake na kuanza kujiuliza kwa sauti, swali na jibu, swali na jibu. Ukuta wetu ni wa mbao. Nimeziba masikio kwa viganja vyote viwili, nisije nikakohoa mahali pa jibu.